Kubana Video kwa FFmpeg bila Kuharibu Picha: Mwongozo Kamili kwa Wapiga Video wa Dar es Salaam

Kamera inayorekodi 4K kwa bitireti ya megabiti 100 kwa sekunde hujaza gigabaiti 45 kila saa. Harusi ya Dar es Salaam huanzia saluni asubuhi, hupita kanisani au msikitini, huenda ufukweni kwa ajili ya picha na kuishia ukumbini usiku wa manane, tena mara nyingi hupigwa na kamera mbili au zaidi. Kwa hiyo mpiga video hurudi ofisini kwake Sinza au Kinondoni akiwa na mamia ya gigabaiti, huku familia ikisubiri vitu vitatu tofauti: flashi ya kuchezwa kwenye televisheni ya sebuleni, kipande cha kumtumia shangazi aliyeko Muscat kwa WhatsApp, na video ya kuwekwa YouTube.

Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kutoa nakala hizo tatu kwa FFmpeg, programu huria isiyolipiwa, iliyoanzishwa mwaka 2000 na Mfaransa Fabrice Bellard, na ambayo huendeshwa kwa kuandika amri. Faida ya amri ni kwamba ikishakuridhisha unaihifadhi kwenye daftari au kwenye faili, na harusi ya mwezi ujao itatoka kwa ubora uleule hata kama kazi imefanywa na kijana uliyemwajiri jana. Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni hili: kila nakala itoke moja kwa moja kwenye faili asilia, na ibanwe mara moja tu. Ubovu mwingi wa picha tunaouona kwenye video za sherehe hausababishwi na kamera duni; unatokana na faili lililobanwa na programu ya kuhariri, likabanwa tena ili liingie kwenye flashi, kisha likabanwa mara ya tatu na WhatsApp.

Kinachotokea video inapobanwa

Fremu moja yenye pikseli 1920 kwa 1080, ikihifadhiwa bila kubanwa katika yuv420p, mfumo wa kawaida wa kuhifadhi rangi za video, huchukua baiti 3,110,400. Kwa fremu 25 kila sekunde hiyo ni takriban megabaiti 78 kwa sekunde, na saa moja hufika karibu gigabaiti 280. Kodeki, yaani mbinu ya kubana na kufungua video, kama H.264, ambayo kiwango chake kiliidhinishwa mwaka 2003, huweza kupunguza mzigo huo mara nyingi sana kwa kuwa sehemu kubwa ya picha haibadiliki kutoka fremu moja hadi nyingine. Huhifadhi fremu kamili mara mojamoja, na katika fremu zinazofuata huandika tofauti tu: kipande hiki kimesogea kulia, kile kimebaki palepale. Baada ya hapo hutupa maelezo madogo ambayo jicho haliyatambui kwa urahisi.

Hapo ndipo unapoona kwa nini hotuba ya baba mzazi, aliyesimama mbele ya ukuta mweupe, hubanwa bila shida, ilhali dakika tatu za kuingia kwa maharusi hula nafasi kubwa: vitenge vyenye maua madogomadogo vinatikisika, nguo zinametameta, taa za rangi zinazunguka na moshi umetanda. Karibu kila pikseli inabadilika katika kila fremu. Ukilazimisha sehemu hiyo iingie katika bitireti ndogo, utaona miraba ikichomoza kwenye nguo na kwenye nyuso.

Kilichotupwa hakirudi. Ukilibana tena faili lililokwisha kubanwa, kodeki haijui ipi ni picha halisi na ipi ni kasoro iliyoachwa na mbano wa kwanza, kwa hiyo hutumia biti zako kuhifadhi kasoro hizo kwa uaminifu uleule.

Tofautisha pia kodeki na kontena. MP4, MKV na MOV ni makontena, yaani namna ya kufunga picha na sauti katika faili moja; H.264, H.265 na AAC ndizo kodeki zilizo ndani yake. Mteja akisema televisheni yake haisomi MP4, mara nyingi tatizo ni kodeki iliyomo, au sauti, wala si kontena lenyewe.

Kusakinisha na kukagua faili

Kwenye Ubuntu andika amri ya kwanza hapa chini, kwenye Windows ya pili, na kwenye kompyuta za Apple zenye Homebrew ya tatu.

sudo apt install ffmpeg
winget install Gyan.FFmpeg
brew install ffmpeg

Kabla ya kubana chochote, fahamu ulichonacho. FFmpeg huja na programu ndogo inayoitwa ffprobe:

ffprobe -v error -show_entries stream=codec_name,width,height,r_frame_rate,field_order,pix_fmt:format=duration -of default=nw=1 C0012.MP4

Soma kwanza idadi ya fremu kwa sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, na televisheni ya analojia tuliyoizoea ilikuwa ya mfumo wa PAL wenye fremu 25, kwa hiyo 25 au 50 ndizo namba zinazopatana na taa za kumbi zetu; kamera iliyowekwa fremu 30 bila kurekebisha kasi ya shata huonyesha taa zikipepesa. Iwapo faili lina fremu 25, liache na 25. Kuligeuza kuwa 30 hakuongezi ubora wowote, na hufanya mwendo wa picha urukeruke.

Kisha tazama field_order. Ikisema progressive, endelea. Ikisema tt au bb, kila fremu imegawanywa katika mistari ya shufwa na ya witiri iliyorekodiwa kwa nyakati mbili tofauti, na kitu kinachokwenda kasi kitaonekana na kingo zenye meno. Matangazo ya analojia yalizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, lakini kanda za zamani za familia na kamera za AVCHD bado zipo, na watu wanazileta zihamishwe. Kwa mafaili hayo, katika amri zinazofuata weka kichujio cha bwdif, kinachoondoa meno hayo, mbele ya scale ndani ya -vf ileile, kwa mfano -vf bwdif,scale=-2:1080. Fremu 25 zitakuwa 50 na mwendo utakuwa laini.

Mwisho tazama pix_fmt. Simu na kamera nyingi mpya hutoa yuv420p10le, yaani biti 10 kwa kila rangi, na televisheni nyingi haziwezi kucheza H.264 ya namna hiyo. Kama simu hurekodi kwa HDR, yaani kwa masafa mapana ya mwanga na rangi, njia rahisi zaidi ni kuizima kabla ya tukio, maana kuigeuza baadaye bila utaalamu hufanya rangi zipauke.

Amri ya msingi

ffmpeg -i harusi_asilia.mov -c:v libx264 -crf 20 -preset slow -pix_fmt yuv420p -vf scale=-2:1080 -x264-params aq-mode=3 -c:a aac -b:a 160k harusi.mkv

Sehemu ya -c:v libx264 huchagua kodeki ya picha. Kipimo cha -crf ndicho kiini cha amri nzima: unaiambia kodeki ubora unaoutaka, nayo inatumia biti nyingi kwenye dansi na chache kwenye hotuba. Namba ndogo ni ubora mkubwa. Kwa libx264 namba ya kawaida ni 23, na ukiongeza 6 faili hupungua hadi karibu nusu. Kwa video za sherehe za usiku mimi huanzia 20, na kwa mihadhara au mahubiri 23 inatosha kabisa.

Kipimo cha -preset hueleza kodeki itumie muda kiasi gani kutafuta namna bora ya kubana. Slow huchukua muda mrefu kuliko medium, lakini faili hutoka bora zaidi kwa ukubwa unaokaribiana. Veryslow huongeza saa nyingi kwa faida ndogo, na siipendekezi kwa kompyuta mpakato. Katika joto la Januari hadi Machi, kompyuta mpakato iliyofanya kazi kwa nguvu zote kwa muda mrefu hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue, kwa hiyo iinue kutoka mezani, iwekee feni, na kazi ndefu zifanye usiku.

Namba -2 katika scale=-2:1080 huiambia FFmpeg ikokotoe upana yenyewe na uwe wa shufwa, kwa kuwa yuv420p haikubali vipimo vya witiri.

Sasa aq-mode=3, ambayo miongozo mingi huipita. Kodeki hugawa biti kwa kukadiria ni wapi jicho litaona kasoro, na hesabu zake za kawaida hunyima biti sehemu zenye giza. Katika kumbi zetu sehemu hizo ndizo zenye watu: uso wa bibi mwenye ngozi nyeusi, ameketi mbali na taa, amevaa kilemba cha rangi nzito. Ukitumia amri ya kawaida, mikunjo ya uso wake hulainishwa mpaka anaonekana kama ametengenezwa kwa nta, na suti nyeusi ya mjomba hugeuka doa moja lisilo na mshono wala mfuko. Mpangilio huu huhamishia biti zaidi kwenye maeneo ya giza. Faili litaongezeka kidogo, nami naamini kila kilobaiti ya nyongeza hiyo ina haki ya kuwepo, kwa sababu baada ya miaka ishirini familia itaitafuta sura ya bibi, haitatafuta maua ya jukwaani.

Kwa sababu hiyohiyo, uwe mwangalifu na vichujio vya kuondoa chengachenga. Picha iliyopigwa gizani huwa na chembe zinazocheza, na chembe hizo hula biti nyingi; kichujio chepesi kama -vf hqdn3d=2:1.5:4:3,scale=-2:1080 hupunguza faili kwa kiasi kinachoonekana. Kikizidi hapo, kinafuta ngozi pamoja na chenga.

Kwa nini MKV kwanza

Faili la MP4 huwekewa faharasa yake mwishoni kabisa mwa kazi. Umeme ukikatika wakati kazi imefika asilimia 95 na kompyuta ikazimika, MP4 uliyokuwa ukiitengeneza haitafunguka, na saa zote zimepotea. MKV iliyokatika katikati kwa kawaida hucheza mpaka pale ilipofikia, na unaweza kuendelea kubana kuanzia hapo kisha ukaunganisha. Kazi ikikamilika, ihamishie kwenye MP4 bila kuibana upya:

ffmpeg -i harusi.mkv -c copy -movflags +faststart harusi.mp4

Maneno -c copy yana maana kwamba picha na sauti vinanakiliwa kama vilivyo. Kazi huisha kwa muda mfupi sana na ubora haubadiliki hata chembe. Nayo +faststart huhamishia faharasa mwanzoni, ili video ianze kucheza mtandaoni kabla haijapakuliwa yote.

Unakili huo ndio utumike pia kuunganisha vipande ambavyo kamera imevikata, maana kadi za FAT32, mfumo wa kupanga mafaili kwenye kadi na flashi, hazikubali faili linalofika gigabaiti 4. Andika majina kwenye faili la maandishi, kila mstari kwa mtindo wa file 'C0012.MP4', kisha:

ffmpeg -f concat -safe 0 -i orodha.txt -c copy kanisani.mp4

Vipande viwe vimetoka kwenye kamera ileile yenye mipangilio ileile. Usichanganye kamera mbili kwa njia hii.

Jaribu dakika moja kabla ya saa tatu

Usianze kubana filamu nzima kwa kubahatisha. Tafuta dakika iliyo ngumu kuliko zote, ile ya vitenge, taa na moshi, na uibane kwa viwango kadhaa. Kwenye Ubuntu au kompyuta ya Apple:

for c in 18 20 22 24; do ffmpeg -ss 01:42:00 -i harusi_asilia.mov -t 60 -c:v libx264 -crf $c -preset slow -pix_fmt yuv420p -vf scale=-2:1080 -x264-params aq-mode=3 -c:a aac -b:a 160k jaribio_$c.mkv; done

Weka -ss kabla ya -i ili FFmpeg iruke moja kwa moja hadi dakika hiyo badala ya kusoma faili lote. Tazama matokeo kwenye televisheni kubwa, kwa umbali ambao mteja atakaa, picha ikiwa inatembea. Angalia nyuso za walioketi nyuma, kuta zenye kivuli, na anga la jioni ufukweni. Hapo ndipo rangi hujikata kuwa ngazi badala ya kufifia polepole. Chagua namba kubwa kuliko zote ambayo bado huoni tofauti na picha asilia.

Sauti

Kwenye sherehe, kipaza sauti cha mshereheshaji hupasua masikio, ilhali viapo vya maharusi havisikiki. Ongeza -af loudnorm=I=-16:TP=-1.5:LRA=11 -ar 48000 kwenye amri ya kubana ili kusogeza viwango hivyo karibu. Usiache -ar 48000, kwa sababu kichujio hiki hupandisha kasi ya sampuli za sauti, na ukiiacha hivyo baadhi ya televisheni zitakaa kimya. Kwa usemi mtupu kilobiti 96 zinatosha. Penye muziki wa taarabu au kwaya usishuke chini ya 160.

Nakala ya flashi

Hapa ukubwa ndio unaotangulia. Baadhi ya televisheni za majumbani husoma flashi za FAT32 pekee, na kwa hiyo faili moja lazima libaki chini ya gigabaiti 4. Chukua filamu ya saa tatu, yaani sekunde 10,800, na ujiwekee kikomo cha megabaiti 3,800. Zidisha kwa 8 upate megabiti 30,400, gawanya kwa sekunde, na utapata takriban kilobiti 2,815 kwa sekunde kwa picha na sauti pamoja. Toa 160 za sauti, acha akiba kidogo, na picha inabakiwa na 2,600.

Kazi inafanywa kwa mapito mawili: pito la kwanza linachunguza filamu nzima, la pili linagawa biti kulingana na uchunguzi huo.

ffmpeg -y -i harusi_asilia.mov -c:v libx264 -preset slow -b:v 2600k -maxrate 6000k -bufsize 12000k -pix_fmt yuv420p -vf scale=-2:720 -profile:v high -level 4.1 -pass 1 -an -f null /dev/null

ffmpeg -i harusi_asilia.mov -c:v libx264 -preset slow -b:v 2600k -maxrate 6000k -bufsize 12000k -pix_fmt yuv420p -vf scale=-2:720 -profile:v high -level 4.1 -pass 2 -c:a aac -b:a 160k -ac 2 flashi.mkv

Kwenye Windows andika NUL mahali pa /dev/null. Nimeshusha picha hadi 720 kwa makusudi, kwani kwa bitireti hiyo 720 iliyo safi inapendeza kuliko 1080 iliyojaa miraba. Familia ikishikilia 1080, gawa filamu iwe mafaili mawili, kanisani na ukumbini, kila moja lipate nafasi yake.

WhatsApp na YouTube

WhatsApp huibana upya video inayotumwa kama video ya kawaida. Itume kama hati, nayo itafika kama ulivyoiandaa. Tangu mwaka 2022 faili linaweza kufika gigabaiti 2, ingawa anayepokea hulipia bando kwa kila megabaiti. Kwa kipande cha dakika tano:

ffmpeg -ss 00:58:10 -i harusi_asilia.mov -t 300 -c:v libx264 -crf 26 -preset slow -maxrate 1200k -bufsize 2400k -pix_fmt yuv420p -vf scale=-2:720 -x264-params aq-mode=3 -c:a aac -b:a 96k -movflags +faststart shangazi.mp4

Hapa CRF inafanya kazi pamoja na kikomo: sehemu nyepesi zitachukua kidogo, na nzito hazitavuka kilobiti 1,200, kwa hiyo faili zima litakuwa karibu megabaiti 50 au pungufu.

YouTube nayo hubana upya kila inachopokea, kwa hiyo usiipelekee nakala ya flashi. Tumia amri ya msingi kwa -crf 17 na ukubwa asilia wa picha, yaani ondoa -vf scale=-2:1080.

Kuhusu kodeki mpya

H.265 iliidhinishwa mwaka 2013, nayo inaweza kutoa ubora unaokaribiana na wa H.264 kwa karibu nusu ya bitireti. AV1 ilitoka mwaka 2018 na inabana zaidi. Kwa kumkabidhi mteja bado nachagua H.264, kwa kuwa sijui televisheni ya sebuleni kwake ina umri gani, na video isiyofunguka siku ya kuonyeshwa wakwe haina thamani yoyote. H.265 itumie kwa nakala za kutazama kwenye simu mpya: badilisha libx264 kuwa libx265, ondoa -x264-params, anzia -crf 24, na ongeza -tag:v hvc1 kwenye faili la mwisho la MP4 ili vifaa vya Apple viitambue. Namba za CRF za kodeki hizi mbili hazilingani, kwa hiyo fanya upya jaribio la dakika moja.

Kadi za picha za NVIDIA zina h264_nvenc, inayobana kwa kasi kubwa lakini kwa kawaida huhitaji biti zaidi kufikia ubora uleule wa libx264 ya slow. Inafaa kwa nakala ya haraka ya kumwonyesha mteja kabla ya marekebisho.

Ukaguzi kabla ya kufuta kadi

ffmpeg -v error -i harusi.mp4 -f null -

Amri hii huisoma video yote kuanzia mwanzo hadi mwisho na kukaa kimya kama haina hitilafu. Linganisha pia urefu wake na wa faili asilia kwa ffprobe. Mafaili asilia yawe kwenye diski mbili tofauti kabla kadi ya kamera haijafutwa.

Ukishanakili kwenye flashi, itoe kwa utaratibu na uichomeke tena, ili kompyuta isikusomee kilichobaki kwenye kumbukumbu yake ya muda. Kisha, kwenye Ubuntu:

sha256sum flashi.mkv /media/$USER/HARUSI/flashi.mkv

Badilisha HARUSI liwe jina la flashi yako. Itatokea mistari miwili; herufi na namba zilizo mwanzoni mwake, kabla ya jina la faili, lazima zifanane zote. Ikitofautiana, nakili upya. Ikitofautiana tena, badilisha flashi, kwa maana zipo zinazouzwa zikiwa zimeandikwa gigabaiti 64 ilhali ndani zina chache, nazo hupokea faili zima bila kulalamika na kupoteza sehemu iliyozidi.